Plasta za Kuvutika na Maumivu ya Viungo: Msaada Wake Unaishia Wapi

(Mazungumzo ya Ofisi ya Miradi mbele ya wajumbe wa kamati za diakonia za sharika na wageni kutoka sharika rafiki)



Tumeombwa tuzungumzie plasta za kuvutika, zile za buluu, nyeusi na waridi zilizofika kwenye maboksi ya misaada, na ambazo sasa kamati kadhaa zimeziandika katika maombi ya bajeti. Ombi hili hatulichukulii kwa wepesi. Maumivu ya goti, kiuno na bega ndiyo yanayomfanya mama ashindwe kujitwisha ndoo, mzee ashindwe kuteremka shambani, na kijana aliyeanguka na bodaboda akae nyumbani mwezi mzima bila kipato. Mwenye maumivu ya namna hiyo hutafuta chochote kinachoweza kumpa nafuu, na sisi tunaoshika fedha za kanisa tuna wajibu wa kujua tunampa nini.

Plasta hii ni kitambaa cha pamba chenye nyuzi za kunyumbulika, na upande mmoja kina gundi inayoshika zaidi ikipata joto. Haina dawa ndani yake. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu tumesikia usharikani kwamba ya buluu ni ya uvimbe na ya waridi ni ya maumivu. Rangi ni rangi tu, kama ya kitenge. Iliyobuniwa kwanza ni ya Kenzo Kase, mtaalamu wa viungo kutoka Japani, katika miaka ya 1970. Wengi duniani waliiona mara ya kwanza kwenye Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, begani mwa Kerri Walsh, mchezaji wa voliboli ya ufukweni wa Marekani. Vijana wetu wanamkumbuka zaidi Mario Balotelli, aliyevua jezi baada ya kuifunga Ujerumani mwaka 2012 na mgongo wake ukaonekana una vipande vya buluu. Tangu hapo kila mwenye kiuno kibovu anaitaka!

Je, inasaidia? Wapo wanaopata nafuu, na hatuna sababu ya kuwabishia. Ngozi inapovutwa kidogo, mtu huhisi kiungo kimeshikwa, huogopa kidogo kukisogeza, na hapo maumivu hupungua kwa muda. Lakini wauzaji wanadai zaidi ya hapo: kwamba inanyanyua ngozi, inaharakisha damu, inaponyesha misuli. Nchini Brazili watafiti waliwachukua watu 148 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walibandikwa plasta ikiwa imevutwa kama inavyofundishwa, nusu wakabandikwa bila kuvutwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha tofauti kati yao. Mwaka 2021 wataalamu waliokusanya tafiti za maumivu ya bega, zilizohusu watu zaidi ya 1,000, walisema faida yake haina uhakika. Kwa hiyo sisi tunaiweka mahali pake: ni kifaa cha kumtuliza mtu ili aweze kufanya mazoezi. Mazoezi ndiyo matibabu.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Roli la kawaida lina urefu wa mita 5. Goti moja hutumia kama nusu mita, na plasta hukaa siku tatu hadi tano. Ikibadilishwa kila siku ya nne, roli zima humalizika katika siku 40 kwa goti moja la mtu mmoja. Boksi lililopokelewa kwa shangwe na vigelegele linakwisha kabla ya msimu wa kahawa kwisha, na goti liko palepale kama paja halikuimarishwa.

Msamaria Mwema alifunga majeraha ya yule mtu pale njiani, lakini hakuishia kwenye kufunga. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni na akaacha dinari mbili za kumtunza. Hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na iliyo chini ya shirika linalobeba jina la Msamaria huyo, imefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miaka mingi. Wataalamu tunao. Wanachokosa ni nauli ya kufika kwenye sharika za mbali.

Kwa hiyo bajeti tunayoipendekeza haina fungu la plasta. Ina fungu la safari: mtaalamu akae usharikani siku nzima, awapime watu, na awafundishe wajumbe wawili wa diakonia kusimamia mazoezi. Zoezi la goti halihitaji mashine. Mgonjwa huketi kwenye benchi la kanisa, akainuka taratibu bila kujishika, akaketi tena, mara kumi, na kurudia kadiri alivyoelekezwa. Akina mama wameanza kulifanya baada ya mazoezi ya kwaya, na vicheko havikosi.

Ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wote kwa maboksi yale. Tunawaomba, kwa heshima, msitume mengine. Gharama ya kuyasafirisha ingetufaa zaidi ikiwa nauli.

Kwa roli zilizobaki, tumekubaliana hivi. Plasta isibandikwe juu ya kidonda, jipu au ngozi yenye upele, wala kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu bila mtu kuumia, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyeteguka kifundo cha mguu aulizwe kwanza kama anaweza kutembea hatua nne. Akishindwa, au akilalamika unapobonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, apelekwe kupigwa picha ya eksirei, asifungwe plasta akarudishwa nyumbani. Tunajua kijana aliyetembea na rangi nzuri ya buluu juu ya mfupa uliovunjika, akisifiwa njia nzima.

Anayefaa kubandikwa asafishwe ngozi ikauke, ncha za plasta zikatwe kwa mviringo zisinyanyuke, na ncha hizo zilazwe bila kuvutwa. Ngozi ikiwasha, itolewe mara moja, polepole, kwa mafuta ya kupikia kidogo.

Roli zote zirudishwe ofisi ya jimbo kabla ya mwisho wa mwezi, zikabidhiwe kwa mtaalamu, naye atazibeba katika ziara zake. Kamati ambazo bado hazijaleta orodha ya wagonjwa wa viungo zituletee majina, umri na mahali wanapoumwa, ili tupange ratiba ya safari ya kwanza.