Maziwa ya Mama na Wajibu wa Baba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, aya ya 233 ya Sura al-Baqara hutajwa sana pale inapozungumzia mama kunyonyesha miaka miwili kamili. Lakini aya hiyo haikuishia kwa mama. Imembebesha baba chakula na mavazi ya mnyonyeshaji kwa wema, na ikataka kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili. Sisi wanaume sehemu hii huipita mbio.

Majumbani husemwa: "Maziwa yake hayatoshi." Atasema jirani, atasema mama mkwe, na baba atakimbilia dukani kununua maziwa ya kopo. Hapo ndipo madhara huanza. Mwenyezi Mungu ameyajaalia maziwa yaje kwa kunyonywa: ziwa likimalizwa, mwili hutengeneza mengine, likiachwa limejaa, mwili hupunguza. Basi kila chupa humpunguzia mtoto hamu ya ziwa, na baada ya majuma machache maneno ya jirani huwa kweli. Na kopo likikorogwa kwa maji machafu, mtoto huharisha, na wapo wanaokufa kwa hilo.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Usiku asinyimwe, kwani homoni inayotengeneza maziwa huwa nyingi zaidi wakati huo. Aanze katika saa ya kwanza, wala dang'a isikamuliwe na kumwagwa. Ashike ziwa kwa kinywa kipana, si chuchu peke yake, maana chuchu ikichubuka mama ataogopa kunyonyesha. Na kilio si kipimo cha njaa. Baada ya siku ya 5, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito wake ukapanda, huyo anashiba. Usipopanda, apelekwe kliniki haraka. Wapo akina mama wachache ambao maziwa yao ni haba kweli, nao wasilaumiwe.

Uji wa pilipili manga na supu ya pweza tunazowaandalia wazazi ni jambo jema, lakini supu haishiki nafasi ya mtoto kunyonya. Mama aliyechoka na mwenye huzuni, maziwa yake huchelewa kushuka. Mume anayemwacha achote maji, afue na kupika tangu alfajiri, kisha akauliza maziwa yamekwenda wapi, ajiulize nafsi yake kwanza.

Kwa walioajiriwa, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Waajiri Waislamu mliopo hapa, msingoje kudaiwa.

Na Ramadhani ikifika, mnyonyeshaji anayehofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula. Mume asimwonee haya mkewe akila mchana, ampikie.

Wabillahi tawfiq.