Duka la wawili, leseni ya mmoja

Maduka mengi ya rejareja nchini Tanzania yanaendeshwa na mume na mke, lakini kwenye leseni, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki huwa kuna jina moja tu, mara nyingi la mume. Mke ndiye anayefungua asubuhi, anayepokea mzigo na kuandika madeni ya wateja kwenye daftari. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60, inaichukulia mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja kuwa ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina yao wote, huhesabiwa kuwa wana haki sawa. Kwa hiyo nasema wazi: wanandoa wanaofanya biashara pamoja waisajili kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa majina mawili.

Wapo watakaosema kudaiana karatasi ndani ya ndoa ni kutoaminiana, na kwamba mahakama zinamlinda mke. Ni kweli, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kuchuma mali. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa. Lakini mgawanyo wa mali kwa msingi huo huja ndoa ikishavunjika. Haumsaidii mke anayeomba mkopo leo akaambiwa biashara si yake, wala mjane anayekuta shemeji zake wameshabadilisha kufuli. Na karatasi yenye majina mawili humlinda mume vilevile, hasa pale leseni inapokuwa na jina la mke ilhali mtaji umetoka mfukoni mwa mume.