Injini za kimelea

Msikilizaji, mvua zikikolea, taarifa za malaria kuanzia Mbezi Luis hadi Temeke hutaja mbu, madimbwi na chandarua. Namna kimelea chenyewe kinavyotembea haielezwi, na hapo ndipo pana utamu.

Plasmodiamu, kimelea cha malaria, ni seli moja. Mbu akikiingiza ngozini hakina mguu wala mkia, bali huteleza mikromita moja hadi mbili kwa sekunde, kikisukumwa na protini iitwayo miosini A. Hiyo ni injini inayochoma ATP, nishati ya seli. Tumboni mwa mbu hubadili mtindo kabisa: ndani ya robo saa hivi, mbegu za kiume huota mikia inayopigwa na protini nyingine, daineni.

Viumbe wengine wa seli moja wana mpangilio wao. Tripanosoma wa malale ana makumi ya injini aina ya kinesini lakini miosini mbili tu. Giadia, msumbufu wa matumbo yetu, hana miosini hata moja, na anaishi vizuri tu!

Miosini A ya Plasmodiamu haifanani sana na miosini ya misuli yetu. Mwaka 2023 watafiti walieleza jinsi kemikali KNX-002 inavyoizuia. Bado si dawa, na ALu, dawa ya malaria tunayomeza leo, haiilengi injini hiyo.