Makumbusho Yaanze na Ngoma

Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 haikuwa na jengo la makumbusho ya taifa. Swali la leo ni hili: makumbusho ya taifa yaanze na makabati ya vioo, au na jukwaa? Tazama kwanza Kampala. Katika miaka ya 1950, Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, yaliajiri wapigaji wa ala zilezile zilizohifadhiwa humo, na mgeni akausikia mlio wa kinubi badala ya kusoma kibandiko tu. Juba nayo haikosi vipaji: mwaka 2012 waigizaji wake walicheza tamthilia ya Shakespeare, Cymbeline, kwa Kiarabu cha Juba, jijini London. Lakini mkazi wa Lemon Gaba, pembeni mwa Juba, ataona wapi kazi ya namna hiyo?

Sasa tugeukie upande wa pili. Wapo watakaosema barabara, maji na mishahara vitangulie. Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajui bei ya unga. Ila jukwaa lenye paa, maana kuanzia Aprili mvua hainyeshi kwa mzaha, ni nafuu kuliko jumba zima la maonyesho, na Ukumbi wa Nyakuron, mjini Juba, tayari upo. Tatizo, kwa maoni yangu, ni ratiba na nauli: maonyesho yakibaki katikati ya mji, mitaa ya pembeni itayasikia redioni tu. Je, wasanii watapelekwa Lemon Gaba, na gharama atabeba nani?