Waya unapita juu ya vichwa vyetu
Hotuba kwenye mkutano wa vijana, Kolwezi



Tuanze na waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilimaliza kuvuta laini ya kura toka Inga mpaka hapa Kolwezi, kilometa karibu 1.700. Inapita juu ya vijiji ambako watu wanawasha kibatari mpaka leo. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, si kwa ajili yao. Na sisi tulio ku mwisho wa waya, jana usiku tulikuwa mu giza.

Wanasema uchumi unakua. Ni kweli: mwaka 2022 ulikua kwa zaidi ya asilimia 8, na sehemu kubwa ni shaba na kobalti ya huku. Lakini kila mgodi unaofunguliwa unaomba megawati zake, wakati bado tunaegemea Inga 1 ya 1972 na Inga 2 ya 1982. Makampuni yanaenda kununua umeme mpaka Zambia. Sisi tunaenda kununua makala. Kati ya Wakongo watano, karibu mmoja tu njo mwenye kura.

Transfo yetu ilipoungua, tulichanga pesa nyumba kwa nyumba ili itengenezwe. Fakitire ya ule mwezi ikakuja vilevile! Sudere wa kartiye anaamka saa nane ya usiku, kwa sababu njo saa kura inarudi, na majirani wanamutukana. Wote wako na haki.

Kobalti yetu inaingia mu betri za magari ya Ulaya na China. Hapa, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua hakuna, jua ni kutwa nzima, na hakuna anayelivuna. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya Kariba, Zambia yenyewe ikakosa umeme. Basi tusitegemee mito peke yake. Mwezi wa sita 2025 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 za kuanzia mradi wa Inga 3. Vizuri. Lakini mama anayezaa leo usiku kwa mwanga wa simu hatangojea Inga 3.

Pesa ya karibu iko. Kodi ya migodi ya mwaka 2018 (ile sheria wanaitaja kila siku ku redio) inasema asilimia 15 ya redevansi ni ya mji na komini zenye kuchimbwa. Tunataka kuona hesabu yake, na tunataka sehemu yake inunue sahani za jua kwa ajili ya vituo vya afya kwanza, kisha masomo. Tunataka pia saa za delestaji zibandikwe mu kila kartiye, ili sudere alale.

Barua iko hapa mezani. Siku ya kwanza, saa tatu ya asubuhi, tunaipeleka ku meri kwa miguu, bila jiwe, bila matusi. Kila mutu akuje na fakitire yake.