Uchawi wa Kujitangaza na Uchawi wa Kusingiziwa



Mada ya leo kwa kawaida huzungumzwa kwa kunong'ona. Mtu akitaja uchawi barazani, kwanza huangalia nyuma nani anapita. Mimi nimekuja kuzungumzia watu ambao hawanong'oni. Uingereza, Marekani, Australia na hata Afrika Kusini wapo watu wenye kazi zao na familia zao wanaojiita wachawi mchana kweupe. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021, watu wapatao 13,000 waliandika kuwa dini yao ni Wicca, ambayo ndiyo sura mashuhuri zaidi ya uchawi huu wa kisasa. Wengine wapatao 74,000 walijiandikisha kuwa wapagani, kundi kubwa ambalo Wicca ni jirani yake wa karibu.

Swali langu ni hili: kwa nini mtu mmoja aitwe mchawi na alindwe na sheria, na mwingine aitwe mchawi na akatwe mapanga? Nitawaeleza wachawi hao wa kisasa wametoka wapi, wanafanya nini na wanasadiki nini. Kisha nitarudi nyumbani.

Mtumishi wa forodha

Gerald Gardner alizaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool. Sehemu kubwa ya utu uzima wake aliimalizia makoloni: mashambani huko Ceylon na Borneo, kisha katika idara ya forodha ya Malaya. Alipenda sana silaha za jadi, na mwaka 1936 akachapisha kitabu kuhusu majambia ya Kimalaya. Mwaka huo huo alistaafu akarudi kwao. Alidai kwamba mwaka 1939, karibu na msitu uitwao New Forest, alipokewa na kikundi cha watu waliorithi dini ya kale ya wachawi.

Wazo la kwamba wachawi wa Ulaya walikuwa na dini yao lilikuwa limetangulia. Margaret Murray, mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri, alikuwa ameandika kitabu mwaka 1921 akidai kwamba watu waliochomwa na kunyongwa kwa uchawi Ulaya walikuwa waumini wa dini iliyotangulia Ukristo. Gardner alipotoa kitabu chake *Witchcraft Today* mwaka 1954, Murray ndiye aliyekiandikia utangulizi. Wanahistoria wameivunjavunja nadharia hiyo. Ronald Hutton, katika kitabu chake cha mwaka 1999, ameonyesha kwamba Wicca ni dini ya karne ya 20, iliyofumwa kwa nyuzi za Wamasoni, vyama vya siri vya uganga, ushairi na ngano za mashambani. Wafuasi wengi leo wanalikubali hilo bila kinyongo. Nami sioni aibu yake, kwani dini zote zilikuwa changa siku moja.

Gardner hakuweza kuyatoa madai yake hadharani mapema zaidi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735 ilikuwa bado hai. Sheria hiyo iliacha kuwanyonga wachawi, ikawaadhibu watu wanaojidai kuwa na nguvu za uchawi, kwa kuwahesabu kuwa ni matapeli. Mwaka 1944, vita ikiwa imepamba moto, mwanamke aitwaye Helen Duncan, aliyekuwa akipandisha mizimu mbele ya watu, alifungwa miezi 9 kwa sheria hiyo. Ilifutwa mwaka 1951, na muda si muda Gardner akaanza kuzungumza na waandishi wa habari.

Ndani ya kilinge

Tuingie basi kilingeni. Mara nyingi ni sebule ya kawaida, makochi yamesogezwa ukutani. Mezani pana kisu chenye mpini mweusi, kikombe, bakuli la chumvi na la maji, chetezo, mishumaa, na sahani yenye nyota ya ncha tano. Kisu hicho hakikati nyama wala kamba. Kuhani, aghalabu mwanamke, hutembea akichora duara hewani kwa ncha yake. Chumvi hutiwa majini, maji hunyunyizwa kuzunguka duara, ubani hufuata. Kisha pande nne za dunia huitwa, kuanzia mashariki. Waliomo hucheza na kuimba mpaka wahisi kwamba nguvu imekusanyika, ndipo wananuiza: fulani apone, fulani apate kazi. Mwishoni hula vikeki na kunywa divai, duara likafunguliwa, watu wakaenda zao.

Hukutana mwezi unapokuwa mpevu, na katika sikukuu 8 za mwaka zinazofuata majira ya nchi zao, kuanzia baridi kali hadi mavuno. Huabudu Mungu wa kike na mwenziwe wa kiume mwenye pembe. Maadili yao yanasimama juu ya kanuni ya kutomdhuru mtu, na wengi husadiki kwamba alitendalo mtu humrudia mara tatu. Wapo wasio na kikundi kabisa, wanaofanya ibada peke yao chumbani.

Makundi yanayofuata desturi ya Gardner hufanya ibada hii wakiwa uchi. Hapa najua wazee wangu wa pwani wameshakunja uso. Mtu aliye uchi usiku, ndani ya duara, kisu mkononi, kwetu ni mwanga, hakuna mjadala.

Mtazameni mmoja wa wachawi hao, Doreen Valiente, aliyezaliwa mwaka 1922. Katika habari za maisha yake inasimuliwa kwamba akiwa msichana wa miaka 13 hivi, mama yake alisumbuliwa na mwanamke mwenzake kazini. Doreen akatafuta nywele za mwanamke huyo, akatengeneza mwanasesere, akamfanyia dawa. Usumbufu ukakoma. Wazazi, badala ya kufurahi, walishtuka. Alipokua, Gardner alimwingiza katika kikundi chake mwaka 1953, na yeye ndiye aliyeandika upya sehemu kubwa ya maneno ya ibada, yaliyo bora kuliko aliyoyakuta. Mwaka 1957 aligombana na Gardner. Mzee alipenda mno kuonekana magazetini, na wafuasi walipotaka pawepo kanuni za kumdhibiti, alileta "sheria za kale" ambazo, pamoja na mengine, zilitaka kuhani wa kike akizeeka ampishe kijana. Valiente akaziona sheria hizo ni za juzi, akaondoka. Alifariki mwaka 1999, na mwaka 2013 nyumba aliyoishi mjini Brighton ikabandikwa kibao cha kumuenzi.

Nywele za adui ndani ya mwanasesere! Kitendo hicho kingefanyika kijijini kwetu, sijui kama msichana yule angefika miaka 14.

Betri iliyoyeyuka

Je, wanaona nini hasa? Shahidi ninayemwamini zaidi ni Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge katika miaka ya 1980. Aliishi karibu na wachawi na waganga wa siri wa London, akasoma vitabu vyao, akafanya mazoezi yao ya kutafakari na kujenga picha akilini. Amesimulia kwamba siku moja alikuwa ndani ya treni akielekea London, anasoma kitabu cha mmoja wa mabingwa wao. Akahisi nguvu ikimpita mwilini. Mara akaona moshi unatoka kwenye begi alimotia taa za baiskeli. Akatazama: betri moja ilikuwa inayeyuka. Siku nyingine aliamka asubuhi akaona makuhani sita wa kale wamesimama dirishani wakimpungia mkono. Aliporuka kutoka kitandani, wakatoweka.

Luhrmann hakugeuka mchawi. Wala hakuwadharau aliowatafiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 alieleza kwamba watu hawa hawaanzi kwa kusadiki kisha wakafanya ibada. Huanza kwa kufanya. Mtu hujifunza lugha, hujizoeza kutulia na kuona kwa macho yamefumbwa, huanza kuweka alama mambo ambayo zamani yangempita, na taratibu fikra zake husogea bila yeye kujua zimesogea lini. Miaka mingi baadaye alichunguza Wakristo wa makanisa ya kiinjili Marekani, akakuta nao wanajizoeza kwa namna isiyo mbali sana na hiyo ili kuisikia sauti ya Mungu.

Msimamo wangu ni kwamba aliyeona, ameona. Hatumsaidii mtu kwa kumwambia hakuhisi alichokihisi. Lakini maono ya mtu yana mpaka. Yanaweza kumwongoza mwenyewe, yakampa faraja, yakambadilisha tabia. Hayawezi kuwa ushahidi dhidi ya jirani yake. Betri ya Luhrmann haikumuua mtu kwa sababu hakushuka kwenye treni akauliza ni nani kamfanyia vile.

Macho mekundu

Huku kwetu swali hilo la "nani" ndilo linaloua. Mnaotoka Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu mnaijua habari hii kuliko mimi. Bibi amepika maisha yake yote kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi umemla macho, yamekuwa mekundu. Mjukuu wa jirani akipata homa akafa, familia huenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli huona mwanamke mzee, mjane, wa upande fulani, mwenye macho mekundu. Mara nyingi pana shamba linalosubiri kurithiwa. Usiku watu wanakuja na mapanga. Si Usukumani peke yake. Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa moto Oktoba 2021. Ganze, Kaunti ya Kilifi, wazee waliotishiwa na jamaa zao wamekuwa wakikimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kuokoa roho zao.

Bibi huyu hana kilinge, hana kisu cha mpini mweusi, hajawahi kusema ana nguvu yoyote. Uchawi wake wote umo midomoni mwa watu wengine.

Na sheria zetu? Kenya ilipata Sheria ya Uchawi mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1928, wakati ile ya mwaka 1735 ingali hai Uingereza. Waingereza walifuta ya kwao mwaka 1951. Sisi tulipata uhuru, tukabaki na tulizoachiwa. Ya Tanzania inamtia hatiani mtu anayejionyesha kuwa ana nguvu za uchawi, na inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa akaishi mahali pengine. Ya Kenya inamwadhibu anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa kama amempelekea shutuma hiyo chifu au polisi. Kwa maneno mengine, shutuma ikifuata ngazi za serikali ni halali. Valiente angeyasema Mwanza aliyoyasema Brighton, angekuwa mhalifu.

Mahali wawili hawa walipokutana

Afrika Kusini ndiko walikokutana aliyejitangaza na aliyesingiziwa. Sheria yao ya mwaka 1957 inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na pia inakataza mtu kujidai kuwa na ujuzi wa uchawi. Mkoa wa kaskazini, unaoitwa Limpopo siku hizi, ulipatwa na mauaji mengi ya watuhumiwa kiasi kwamba iliundwa Tume ya Ralushai, iliyotoa ripoti yake mwaka 1996. Kisha mwaka 2007 wapagani wa nchi hiyo wakaiomba tume ya kurekebisha sheria iipitie upya sheria ya 1957, kwa hoja kwamba inawanyima uhuru wa dini uliomo kwenye katiba. Tume ilichukua miaka, na mwaka 2016 ikapendekeza sheria ya zamani ifutwe, itungwe nyingine inayolenga matendo yenye madhara.

Wapo waliowakasirikia wapagani wale: watu wanauawa vijijini kwa jina hili, nanyi mnalidai kwa fahari? Naielewa hasira hiyo. Hata hivyo, wapagani walisaidia kuliweka wazi jambo moja. Mtu anayejiita mchawi hajamdhuru yeyote kwa kujiita. Anayemwita mwenzake mchawi ameshanyanyua panga.

Tufanye nini

Nitaulizwa: basi turuhusu uchawi? Tuache watu wenye ualbino wakatwe viungo kwa ajili ya uchawi? La hasha. Kuua ni kuua. Kumkata mtu viungo, kumlisha sumu, kumtisha, kumtapeli fedha zake, yote ni makosa katika sheria za jinai, na mahakama haihitaji kuamua kama uchawi upo ili imfunge mhusika. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya madhara yatokanayo na shutuma za uchawi, na mkazo wake umo katika madhara hayo.

Rai yangu kwa mabunge yetu ni kwamba sheria za 1925 na 1928 ziandikwe upya, ziache kumshughulikia mtu kwa anachojiita au anachoitwa, zimbane anayeshutumu na anayetenda, na mlango wa shutuma kwa chifu ufungwe. Kwa madaktari na wauguzi: familia iliyofiwa na mtoto ielezwe chanzo cha kifo kwa lugha inayoeleweka kabla haijaondoka wodini, maana isipoelezwa hapo itakwenda kuelezwa kwa mpiga ramli. Kwa masheikh na wachungaji: mnapoombea watu, msiwatajie nani kawaroga. Kwa wahariri: acheni vichwa vya habari vinavyosema "mchawi anaswa", kwa sababu aliyenaswa ni mtu, tena mara nyingi ni bibi wa mtu.

Nanyi wanafunzi, likizo ikifika mtarudi vijijini. Mkisikia mzee anatajwa, msikae kimya kwa kuwa ninyi ni vijana. Ulizeni ushahidi uko wapi, mbele ya watu, kwa sauti.