Hiari Yashinda Utumwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mikese)



Tumeombwa tuseme juu ya mkubwa mwadilifu na moyo wa kazi wa walio chini yake. Mfano hauko mbali. Hapa Mikese, kando ya reli, twaiona milima ya Uluguru, nayo ina fundisho lake.

Mwaka 1950 Serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi ardhi. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Shabaha yenyewe, kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, haikuwa mbaya. Lakini mahali pengi udongo wa rutuba ni mwembamba. Jembe liliufukia, likaleta juu udongo usiozaa. Wakulima walinung'unika, wala hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, na mpango ukaachwa.

Sasa mfikirini bwana shamba wa siku zile, mtumishi kama sisi. Juu yake yuko mkubwa atakaye hesabu ya matuta. Mbele yake wako watu waliokata tamaa. Atafanya kazi kwa moyo gani? Atahesabu matuta, atatia sahihi, atangoja mwisho wa mwezi. Mkubwa asiyetaka kuambiwa kweli huwafundisha walio chini yake kunyamaza, na hapo ndipo kazi ifapo.

Mfano wa pili ni wa Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowakata sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Lakini papo hapo aliupunguza na mshahara wake mwenyewe kwa sehemu 20 katika kila 100. Adhabu peke yake ingaliitwa ukali mtupu. Alipoanza na mfuko wake, alipata haki ya kuwaambia wengine wajinyime.

Basi, ndugu, wengi wetu tuna mtu chini yetu, ijapokuwa tarishi mmoja. Yatupasa tufike kazini kabla yake. Tusimtumie kwa shughuli za nyumbani kwetu. Na atuleteapo habari isiyopendeza, tumshukuru kwanza, ndipo tuipime. Nasi tulio chini ya wengine, tuandike kweli katika taarifa zetu, kwa adabu.

Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa. Hiari hiyo hainunuliwi kwa mshahara peke yake, wala haipatikani kwa amri. Huzaliwa pale mtumishi aonapo kwamba mkubwa wake naye yu chini ya sheria ile ile.